Uzamili wa Afya ya Umma au Uzamivu wa Saikolojia: Miaka Siyo Hoja ya Kwanza

Mhitimu wa shahada ya kwanza ya saikolojia anayejiuliza aendelee wapi huanza kwa kupiga hesabu ya miaka. Uzamili wa afya ya umma huchukua mwaka mmoja au miwili, ilhali uzamivu wa saikolojia ya kitabibu nchini Marekani huchukua kati ya miaka 5 na 7, ukiwamo mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, na baada ya hapo mara nyingi bado kuna saa za kazi chini ya msimamizi pamoja na mtihani kabla ya leseni. Kwa kipimo hicho jibu linaonekana jepesi, lakini naona wepesi wake unapotosha.

Tuanze na fedha, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea. Njia fupi si lazima iwe ya bei nafuu. Nchini Marekani, vyuo vingi vinavyotoa uzamivu wa utafiti humsamehe mwanafunzi ada na kumlipa posho, na Uingereza wanafunzi wengi wa uzamivu wa saikolojia ya kitabibu, unaodumu miaka 3, hulipwa mshahara kupitia mfumo wa afya wa serikali. Anayesoma uzamili wa afya ya umma, kwa upande wake, mara nyingi hujilipia ada mwenyewe au hukopa. Ni kweli kwamba posho ya mwanafunzi ni ndogo, na kwamba miaka ya ujana inayotumika darasani ingeweza kuwa miaka ya mshahara kamili. Tena nafasi zenye ufadhili ni chache na zinagombewa sana. Hata hivyo, anayesema amechagua uzamili kwa sababu ni nafuu anapaswa kuirudia hesabu yake.

Tofauti yenye uzito zaidi iko katika kazi yenyewe, na mfano mzuri ni kuzuia watu kujiua. Mwanasaikolojia huketi na mtu mmoja, wiki baada ya wiki, akimsaidia kuyakabili mawazo yanayomsukuma kwenye kifo. Mtaalamu wa afya ya umma huuliza swali jingine kabisa: ni kitu gani katika mazingira kinachofanya mauti yawe karibu? Uingereza ilipoacha hatua kwa hatua gesi ya majumbani iliyotokana na makaa ya mawe, iliyokuwa na sumu, vifo vya kujiua vilipungua kwa jumla katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wala hakukuwa na ongezeko la njia nyingine la kufidia upungufu huo. Sri Lanka nayo ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 vifo hivyo vikashuka sana. Maelfu ya watu waliokoka pasipo kukutana na mtaalamu yeyote wa tiba. Hata hivyo, hatua hizo hazikumwondolea hata mmoja wao huzuni iliyomfanya atamani kufa. Hilo halitibiwi kwa sera wala kwa jedwali la takwimu. Mtu sharti asikilizwe.

Wapo wanaodhani kwamba kuingia afya ya umma ni kuizika saikolojia. Historia inasema vinginevyo. Katika miaka ya 1950, wanasaikolojia wa jamii waliokuwa wakifanya kazi katika Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani walishughulishwa na fumbo moja: kwa nini watu hawakujitokeza kupigwa picha za eksirei za kifua, ilhali uchunguzi huo wa kifua kikuu ulikuwa wa bure? Kutokana na fumbo hilo ilizaliwa nadharia ya imani za afya, inayosema kwamba mtu huchukua hatua ya kujikinga kulingana na anavyoiona hatari ya ugonjwa na faida ya hatua hiyo, na ambayo hadi leo hufundishwa katika masomo ya tabia na jamii ndani ya uzamili wa afya ya umma. Nikiri, hata hivyo, kwamba mfano huu unakata pande mbili: waliobuni nadharia hiyo walikuwa watafiti waliobobea katika saikolojia, na mwaka mmoja au miwili ya kugawana muda kati ya epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii), takwimu, sera na afya ya mazingira haimpi mtu kina hicho.

Kuna sababu moja ya kuchagua uzamili ambayo naikataa waziwazi, nayo ni kuudhania kuwa mlango wa nyuma wa kufikia kazi ya tiba. Shahada ya afya ya umma haitoi leseni ya kutibu wagonjwa wa akili. Aliye na wito huo lakini anaogopa urefu wa uzamivu angetazama uzamili wa ushauri nasaha au wa ustawi wa jamii, ambao katika nchi nyingi humfikisha kwa wagonjwa mapema zaidi.

Kwa asiyevutwa na chumba cha tiba, naona uzamili wa afya ya umma ndio chaguo lenye busara zaidi, hasa kwa sababu haufungi njia: anaweza kufanya kazi, kisha akarudi kusoma uzamivu akiwa na swali lake mwenyewe la utafiti. Anayesitasita bado angeomba kwanza kazi ya usaidizi katika utafiti wa afya ya akili, mahali ambapo asubuhi atawahoji watu ana kwa ana na jioni atachambua majibu yao kwenye kompyuta, kisha ajichunguze ni kazi ipi kati ya hizo mbili anayoingoja kwa hamu na ipi anayoimaliza haraka ili aondoke.