Sikuifuata ile juisi

Ile video yangu inayozunguka kwenye grupu imekatwa. Naanza na hilo, maana tangu jana napokea vikatuni vya kucheka kutoka kwa watu ambao hata salamu hatujawahi kupeana. Mnachokiona ni sekunde 11 za mwisho. Saa nzima ya elimu iliyotangulia, rafiki yangu kaitupa, kisha akaandika chini yake: "Ticha kaiona juisi." Haya, nisikilizeni na mimi.

Jumatatu si Alphonce Simbu alituletea dhahabu ya marathoni, mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo? Kilomita 42.195, halafu yeye na Mjerumani Amanal Petros wakaandikiwa muda uleule, 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Mimi nafundisha hesabu. Kumfundisha mtoto desimali ni kumlisha paka mchicha, kwa hiyo niliposikia ile 0.03 nilijua Mungu kanikumbuka.

Jumamosi nikawakusanya watoto wa mtaani uwanjani, na kusema kweli ilinoga. Tulizigeuza zile saa kuwa sekunde, zikawa 7,788. Tukagawanya mita 42,195 kwa hizo, tukapata kama mita 5.4 kila sekunde. Tukazidisha kwa 0.03, ikaja sentimita 16. Nikawaambia shikeni rula. Nusu ya rula na kipande! Watoto wakaikodolea macho, kimya, mpaka mmoja akauliza, "Mwalimu, yaani mtu anakimbia kutoka hapa mpaka Kibaha, halafu anashinda kwa hii?"

Ningefunga daftari hapohapo, leo ningekuwa naheshimika.

Lakini shetani akanituma nioneshe kwa vitendo. Nikamwaga mstari wa majivu, nikaeleza kwamba kwenye picha ya mstarini ya kuamua mshindi, waamuzi hawaangalii pua, wala mkono, wala mguu. Wanaangalia kiwiliwili. Nikarudia, wakaitikia wote: ki-wi-li-wi-li. (Likumbukeni hili neno, litanirudia.) Nikachagua mpinzani, binti wa darasa la tano, mwembamba kama njiti ya kiberiti, peku. Mita thelathini. Rafiki yangu akae mstarini arekodi kwa mwendo wa polepole. Ndiyo, simu ni yangu. Ndiyo, nywila nilimpa mwenyewe.

Sasa mnauliza nani aliweka beseni la juisi ya rozela hatua tatu baada ya mstari. Ni mimi. Pana kivuli cha mwembe pale, nikaona juisi isipate moto.

Tukaondoka. Mita kumi za mwanzo nilikuwa namwachia. Mita ya ishirini nikagundua kwamba simwachii. Zikabaki tano, nikakumbuka Tokyo, nikakitupa kifua mbele.

Kifua kilitii. Miguu ikakataa.

Video inaonesha vizuri, nimeirudia mara nyingi kuliko nyie wote. Mikono imebaki nyuma kama kuku anayeruka kutoka dirishani. Shavu la kushoto linakwenda juu, linarudi, linakwenda tena. Ndala ya kulia inaniaga, inapaa, inapita juu ya kichwa changu bila haraka. Mstari naupita, sawa, ila breki hakuna. Na pale mbele, mama wa watu aliyepika ile juisi anainama taratibu, anaondoa kitambaa alichofunikia beseni, aanze kugawa. Yaani ni kama ananifungulia mlango. Anainua macho. Tunaangaliana. Mdomo wangu unasema neno, na wataalamu wa kwenye grupu wamekubaliana ni "shikamoo." Kisha paji la uso, kisha mabega, kisha lita ishirini zinapanda pande zote kwa utaratibu kabisa, nyekundu, na watoto arobaini wenye vikombe mkononi wamefungua midomo.

Rozela haitoki kwenye shati jeupe, wadau. Msiniletee habari za ndimu, nimeshajaribu.

Basi, wakaniinua, nikaomba radhi, nikaagiza soda kreti mbili kwa deni. Nikashika njia ya uchochoroni.

Sikufika mbali. Watoto walikuwa wameshaizunguka simu, wameisimamisha picha palepale mstarini, wanabishana kama mawakili. Nikasikia naitwa. "Mwalimu, rudi! Umeshinda!"

Nikatazama. Kifua cha yule binti kimetangulia changu, wazi kabisa, hakihitaji miwani. Nikawaambia ukweli ni huo, mpeni dada yenu ushindi wake. Binti mwenyewe akatikisa kichwa. "Hapana mwalimu. Angalia chini ya kifua."

Nikaangalia chini ya kifua. Kitambi kilikuwa kimeshavuka, chenyewe, kimewaacha wenzake njiani.

"Na tumbo ni kiwiliwili," akasema. "Si ulisema?"

Nilikuwa bado natafuta jibu nikamwona yule wa Kibaha anakuja mbio na rula. "Mwalimu," akasema, "simama kiupandeupande."