Besi ya shemeji na waya wa intaneti

Shemeji yangu alivuta waya kutoka kwenye ruta, akaupitisha chini ya zulia mpaka kwenye kicheza muziki cha sebuleni, kisha akaapa kwamba besi imeongezeka. Sikubishana naye. Wimbo ulipofika katikati niliuchomoa ule waya. Muziki ukaendelea kama kawaida, sekunde zikapita, ndipo ukanyamaza. Nikamuuliza: muda wote huo besi ilikuwa inapita wapi?

Muziki wa mtandaoni hufika vipande vipande. Kila kipande hukaguliwa, kinachopotea hutumwa tena, na vyote huwekwa akiba kwenye kifaa kabla ya kupigwa. Ukipita kwenye waya au kwenye waifai, ni wimbo uleule, tarakimu kwa tarakimu. Kwa hiyo waya wa intaneti wa bei mbaya unaouzwa kwa jina la "kusafisha sauti" mimi sinunui.

Hata hivyo shemeji ana hoja kidogo. Nyumba ikiwa na kuta nene za zege, na masafa ya waifai ya gigahezi 2.4 yakigombaniwa na ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata maikrowevu, muziki utakwamakwama. Tena baadhi ya huduma, mtandao ukidhoofika, hushusha zenyewe ubora wa wimbo bila kukuambia. Hapo waya unasaidia kweli.

Ugomvi wenye maana uko kati ya simu na spika. Muziki wa CD una kilobiti 1,411 za data ya sauti kwa kila sekunde. Bluetooth kwa mfumo wake wa msingi wa kubana sauti, SBC, kwa kawaida hupitisha kama 328, na mfumo wa Sony, LDAC, ukiwa katika hali yake bora hufika 990. Maana yake wimbo uliokwisha kubanwa na huduma unafumuliwa kwenye simu, halafu unabanwa mara ya pili. Je, sikio linagundua? Kwenye sabufa ya kawaida, watoto wanacheza na feni inazunguka, sidhani. Kwenye spika nzuri, usiku, ukisikiliza taarabu, utaanza kusikia fidla zimekwaruza kidogo pale zinapopanda juu.

Basi waya umeshinda? Subiri. Chomeka simu kwenye sabufa kwa waya wa jeki, kisha iweke kwenye chaji. Mara nyingi utasikia mvumo chini ya muziki, na ukichomoa chaja unakata. Umeme umepata njia ya kupita kwenye waya uleule unaobeba sauti. Bluetooth haina njia hiyo, kwa hiyo haina mvumo huo. Ongeza jeki iliyolegea, ambayo ukiigusa tu spika moja inazima, na ile hasara ya kubana mara mbili inaanza kuonekana ndogo.

Mimi sebuleni natumia waifai, na nikitaka kusikiliza kwa makini natumia waya, simu ikiwa haipo kwenye chaji. Bluetooth nawaachia wageni.

Simu ya shemeji, anayoiunganisha na spika za chumbani kwa Bluetooth, nilimwomba nikaifungua mipangilio ya Spotify. Ilikuwa kwenye kilobiti 96, wakati yeye analipia huduma inayomruhusu kuweka hata 320. Aliishusha mwenyewe kipindi fulani ili bando lidumu, maana 320 inakula kama MB 144 kwa saa na 96 inakula kama 43, kisha akasahau kuirudisha.