Mohenjo-daro: Mji Usio na Kasri, Je, Ulikuwa wa Watu Sawa?

Chukua tofali la kuchoma kutoka magofu ya Mohenjo-daro, kusini mwa Pakistani, ulipime. Upana wake ni mara mbili ya kimo, na urefu ni mara mbili ya upana. Kisha nenda Harappa, karibu kilomita 600 kuelekea kaskazini-mashariki, uchukue jingine. Ukubwa unaweza kupishana kidogo, lakini uwiano ni uleule: moja kwa mbili kwa nne. Hivyo ndivyo walivyojenga watu wa bonde la mto Indus kuanzia takriban mwaka 2600 hadi 1900 KK, katika miji iliyotapakaa Pakistani ya leo na kaskazini-magharibi mwa India.

Nani aliwaamuru? Wanaakiolojia wanalivutania swali hilo mpaka leo, na jibu lake si dogo. Tumefundishwa kwamba kilimo cha mabondeni kilizaa ziada ya chakula, ziada ikazaa miji, na miji ikazaa mfalme, kana kwamba hatua hiyo ya mwisho haina budi kufika. Misri inatupa Khufu na piramidi lake. Ur, kule Mesopotamia (Iraki ya leo), inatupa makaburi ya wakubwa waliozikwa pamoja na watumishi wao. Bonde la Indus limechimbwa tangu mwaka 1921, na bado halijatoa kasri ambalo wataalamu wanakubaliana ni kasri, wala kaburi la kifalme, wala picha ya mtawala akimkanyaga adui.

Kilichopatikana kwa wingi ni kazi ya maji. Ingia katika nyumba ya Mohenjo-daro. Mlango haufungukii barabara kuu bali kichochoro. Ndani kuna ua, na vyumba vimeuzunguka. Pembeni kuna mahali pa kuogea: sakafu ya matofali yaliyobanwa kwa ustadi mpaka maji hayapenyi, imeinamishwa kidogo upande mmoja. Maji yanatokea kwenye tundu la ukutani na kuingia katika mtaro wa matofali ulioko nje, uliofunikwa ili watu wapite juu yake. Hapa na pale njiani kuna shimo la kutuamisha taka, ambalo bila shaka lilihitaji mtu wa kulizoa. Visima vya mji huo vinakadiriwa kufika 700. Ipo mitaa mingi leo, katika miji yenye mameya na wahandisi, ambayo ingeshukuru kupata nusu ya huduma hiyo.

Wanaosema jamii hii ilikuwa ya usawa huanzia hapo: fahari ya mji ilikwenda kwenye nyumba za watu, haikurundikwa kwa mtu mmoja. Mwanaakiolojia Adam Green, mmoja wa watetezi wa mtazamo huo, anashikilia kwamba tumemtafuta mfalme kwa sababu tulishaamua yupo. Hapa namuunga mkono kabisa. Tazama sanamu maarufu kuliko zote za Mohenjo-daro, ya mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa vizuri, utepe kipajini na shuka lenye nakshi begani. Ina urefu wa sentimita 17.5 tu. Iliitwa Mfalme-Kuhani, lakini hakuna neno lililoandikwa juu yake, wala haikukutwa kwenye kiti cha enzi. Jina lilitangulia ushahidi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa jengo ambalo mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alilitangaza kuwa ghala kuu la nafaka, na hali nafaka yenyewe haikuonekana humo.

Hata hivyo, kumwondoa mfalme hakutufikishi kwenye usawa, na hapo ndipo watetezi hawa wanaponiacha.

Ziko bangili zilizotengenezwa Mohenjo-daro na Harappa kwa udongo laini uliochujwa, ukachomwa kwa moto mkali mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Baadhi zina alama ndogondogo za maandishi. Mafundi walizipanga ndani ya chombo, wakakifunika kwa udongo, na juu ya udongo huo pakapigwa muhuri kabla ya chombo kuingia tanuri. Fikiria maana ya muhuri ule. Kuna mtu aliyetaka kuwa na hakika kwamba bangili zilizoingia ndizo zitakazotoka, na kwamba fundi hatafungua yeye hayupo. Bangili hizo hazikuwa za kila mkono.

Yapo pia mawe ya kupimia uzito, vijiwe vya pande sita vilivyosuguliwa, vinavyopanda kwa kuzidishwa mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Pale Harappa baadhi vimekutwa karibu na malango ya mji, na Jonathan Mark Kenoyer, aliyechimba huko kwa miaka mingi, anaona dalili ya ushuru. Nako Dholavira, katika Gujarat, kuta nene zinaitenga sehemu ya juu na ya kati, na ya kati na ya chini. Hakuna anayejenga ukuta namna hiyo ndani ya mji wake bila kujua nani anakaa upande gani.

Biashara ya mbali nayo ilihitaji watu wenye sauti. Sargon, mfalme wa Akkad huko Mesopotamia, alijigamba kwamba meli za Meluhha, jina ambalo wataalamu wengi wanalihusisha na bonde la Indus, zilitia nanga bandarini kwake pamoja na za Magan, yaani Oman. Ras al-Jinz, kwenye ncha ya mashariki ya Oman, vimepatikana vyungu na muhuri vya Indus, pamoja na vipande vya lami iliyopakwa vyombo vya baharini. Shanga za akiki nyekundu, ambazo kuzitoboa tu kulimla fundi siku kadhaa, zilifika hadi makaburi ya Ur. Aliyemiliki shehena na aliyekaa kutoboa shanga hawakuwa na maisha mamoja.

Mifupa inasema jambo gumu zaidi. Uchunguzi wa mtaalamu wa mifupa ya kale Gwen Robbins Schug na wenzake umeonyesha mafuvu ya Harappa yenye majeraha ya kupigwa, na majeraha hayo yaliongezeka katika karne za mwisho, mvua zilipopungua na miji ikaanza kuvunjika. Kwa hiyo sifa ya jamii ya amani isiyo na mnyonge siwezi kuikubali.

Ninavyouona ushahidi huu, madaraka yalikuwepo ila yalikuwa mikononi mwa wengi: koo za wafanyabiashara, wakuu wa mafundi, labda wazee wa mitaa, kila kundi likilichunga jingine. Maandishi yao, ambayo kwa wastani yana alama tano tu, hayajasomwa, na siku yakisomeka huenda tukalazimika kuanza upya. Lakini hata kama watawala walikuwa mia moja, walikubali jambo ambalo wafalme wengi hawakulikubali: mtaro upite pia nyuma ya nyumba ndogo.

Leo visima vya Mohenjo-daro vimesimama wima kama minara, kwa sababu udongo uliovizunguka umechimbwa ukaondolewa. Kila kizazi ardhi ya mtaa ilipanda kwa vifusi, na kila kizazi kiliongeza safu za matofali juu ya kisima kilekile. Kwenye kingo za baadhi yake bado kuna mikwaruzo ya kina iliyoachwa na kamba za kutekea maji.