Daraja Halitaki Kafara

Konda wa daladala ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, hana habari na Mfugale. Kwake pale ni Tazara, basi, ingawa tangu Septemba 2018 flaiova ile ina jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara. Ubungo nako barabara za juu zinaitwa Kijazi, na abiria bado anashuka Ubungo Mataa. Daraja la Kigamboni Rais Magufuli alilizindua Aprili 2016 akalipa jina la Nyerere. Sijawahi kumsikia mtu wa Kibada akisema amepita Nyerere. Aliyedumu midomoni ni Selander wa Daraja la Selander peke yake, mkuu wa kazi za umma enzi za Mwingereza, na yeye tumemtafuna jina hadi likawa Salenda, utadhani ni bibi fulani wa Msasani.

Sina ugomvi na majina hayo. Mfugale na Kijazi walikuwa wahandisi, barabara walizijua. Ila katika majina yote hayo, silioni hata moja la mtu aliyefunga nondo.

Mjomba wangu ni fundi nondo. Amestaafishwa na mgongo, umri bado. Miaka ya nyuma alikuwa kwenye jengo moja la ghorofa hapa mjini, na asubuhi moja kijana aliyekuwa akifunga naye nondo za slabu alianguka kutoka ghorofa ya sita. Alivaa kandambili, mkanda hakuwa nao. Mwili ukaondolewa kwa pikapu. Saa nane mchana wakamwaga zege, maana lilikuwa limeshachanganywa, na zege halilali. Mnyapara akasema ajali haina kinga. Jioni kofia ngumu ikazungushwa, watu wakachanga nauli ya kusafirisha maiti, na mafundi wazee wakawatuliza vijana kwa maneno ambayo waliofanya kazi saiti wanayajua: jengo limeshachukua kafara yake, sasa litaisha salama.

Neno hilo linanikera kuliko lile la mnyapara. Likisemwa kafara, mazungumzo yameisha. Hakuna atakayeuliza mikanda ya usalama ilikuwa wapi, nani alimruhusu mtu kupanda na kandambili, wala kama ile mirunda iliyofungwa kwa kamba iliwahi kukaguliwa. Madaraja ndiyo yanaonewa zaidi, kwa sababu yamekaa juu ya maji, na maji kwetu hayakosi mwenyewe. Mtu akifa mtoni utaambiwa mwenye mto amedai chake. Mkandarasi anashukuru kimoyomoyo.

Vancouver, Kanada, kuna daraja kubwa la magari linaloitwa Ironworkers Memorial, yaani kumbukumbu ya mafundi chuma. Tarehe 17 Juni 1958, ujenzi ukiendelea, vipande vyake viliporomoka na kuwamwaga mafundi 79 majini, kimo cha kama mita 30. Waliokufa ni 18. Inadhaniwa baadhi yao walizamishwa na mikanda iliyojaa vifaa vya kazi. Mpiga mbizi aliyeingia kutafuta miili naye akazama, wakawa 19. Nao wangeweza kusema maji ya pale yana mwenyewe. Badala yake ukafanyika uchunguzi, mahesabu yakapekuliwa, likaonekana kosa la wahandisi: tegemeo la muda, la kushikilia daraja wakati linajengwa, lilikuwa dhaifu kuliko mzigo liliobebeshwa. Kosa la kalamu na karatasi. Jini hakutajwa.

Tusiwapambe sana, lakini. Daraja lilifunguliwa mwaka 1960 na jina la mafundi likaja 1994. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ajali alikuwa ameshafika miaka 36. Hata hivyo lilikuja, na sasa mgeni akiuliza mafundi chuma gani hao, lazima aambiwe, na atakachoambiwa ndani yake mna hesabu iliyokosewa. Ndiyo kazi ninayoitaka jina liifanye.

Kanada ni mbali, najua. Basi panda hiyohiyo daladala ya Gongo la Mboto, teremka ukaone makaburi ya Wachina waliokufa wakijenga reli ya TAZARA miaka ya sabini. Ni zaidi ya sitini, yamepangwa kwa mistari, na majina yapo. Xi Jinping alipokuja Machi 2013 alikwenda kuweka shada la maua pale. Reli ileile ilijengwa na maelfu ya Watanzania na Wazambia, na wao pia walikufa. Ukiniambia nitaje jina la mmoja wao, nitabaki nimekodoa macho. La Mchina naweza kwenda kulitazama leo jioni kwa nauli ya daladala.

Watu wataniambia siku hizi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Upo, na ni jambo jema. Lakini fidia hulipwa kimyakimya, faili likafungwa, na anayevuka daraja kesho hajui kitu. Ninachotaka mimi ni kidogo na cha bei nafuu. Kila mradi una kibao: mteja, mkandarasi, mhandisi mshauri. Kazi ikiisha kibao kinang'olewa, linabaki jiwe lenye jina la mgeni rasmi aliyekata utepe. Pembeni ya jiwe hilo liwekwe la pili: jina la aliyekufa, kazi yake, kwao, tarehe, na sababu kwa mstari mmoja. Sababu isiandikwe "ajali kazini". Iandikwe: alianguka, hakupewa mkanda. Na kama hakufa mtu, liandikwe hilo kwa herufi kubwa, mkandarasi atembee kifua mbele. Jangwani tunangoja daraja litakalotuokoa na mafuriko ya Msimbazi. Kuanzia hapo panatosha. Kigamboni jiwe lingekaa vizuri kwenye vibanda vya tozo, ambako magari husimama hata hivyo.

Wakati naandika haya nilimpigia mjomba kumuuliza yule kijana aliitwa nani. Alikumbuka kwamba alikuwa anakula chapati tatu kwa mama ntilie wa getini, halafu analipia mbili. Alikumbuka na rangi ya kandambili. Kuhusu jina alinyamaza kwa muda.

"Alitokea Newala, mjomba," akasema. "Sisi tulimwita Newala tu."