Simba mmoja anatosha

Beji ya kikosi cha ndege za kivita ina mtihani mmoja tu. Ibandike ukutani, rudi nyuma hatua nne, kisha muulize mtu ambaye hajawahi kuiona: umeona nini? Akisema "korongo", imefaulu. Akikunja uso na kusogea karibu, imeshindwa, hata kama mchoraji ana kurasa mbili za kueleza maana ya kila nyota.

Mtihani huu umetokana na kazi yenyewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alama hizi zilipakwa ubavuni mwa ndege, ili rubani amtambue mwenzake kwa kutupa jicho. Wafaransa wa kikosi cha SPA 3 walichora korongo, ndege wa Alsace, jimbo walilonyang'anywa na Wajerumani mwaka 1871. Wamarekani wa Kikosi cha 94, mwaka 1918, walichora kofia ya Uncle Sam, mzee wa katuni anayewakilisha Marekani, ndani ya pete: kwa Kiingereza pete na ulingo ni neno moja, "ring", na kurusha kofia ulingoni ni kujitosa kwenye pambano. Korongo mmoja, kofia moja. Kofia hiyo ilipendeza kiasi kwamba Eddie Rickenbacker, rubani wao mashuhuri, baada ya vita aliiweka kwenye magari ya kampuni yake.

Waingereza walikuja na taratibu. Mwaka 1935 jeshi lao la anga, RAF, lilimpa mtaalamu wa nembo, John Heaton-Armstrong, kazi ya kusimamia beji zote, na kuanzia 1936 fremu ikawa moja: duara lenye jina la kikosi, taji juu, utepe wa kaulimbiu chini, na idhini ya mfalme. Wapo wanaoiona fremu hii baridi kama fomu ya serikali. Mimi naona ndiyo iliyowaokoa. Namba, jina na kaulimbiu vikishapata mahali pake pembeni, katikati panabaki wazi kwa kitu kimoja. Kikosi cha 223, kilichoundwa upya Nairobi mwaka 1936, kiliweka simba amesimama, basi, na chini yake Kilatini chenye maana ya "Mabawa yanailinda Afrika". (Inalindwa kwa ajili ya nani, beji haikusema.) Karibu na 1960 uwanja wa ndege wa Eastleigh, Nairobi, ulikuwa na Kikosi cha 30 chenye mtende, ukumbusho wa Iraq, na cha 208 chenye Sphinx, simba mwenye kichwa cha mtu, ukumbusho wa Misri. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuzitofautisha.

Katika Vita vya Pili studio ya Walt Disney ilichora nembo zaidi ya 1,000 kwa vikosi vilivyoomba, bila malipo, kazi iliyoongozwa na Hank Porter. Bata wao wa katuni, Donald, ndiye aliyeombwa kuliko wote. Ni michoro yenye uhai kweli, lakini ilizoesha watu kufikiri kwa brashi, na beji ya kushonwa haijui brashi.

Uzi unaotumika zaidi kwenye mashine za kudarizi, namba 40, ukishonwa hufunika upana wa karibu milimita 0.4. Kwa hiyo mstari mwembamba kuliko milimita 1 hukatikakatika, na herufi fupi kuliko milimita 5 huziba matundu: "A" na "R" zinakuwa madoa. Chukua beji ya sentimita 9. Ukiacha nafasi ya pindo, nusu duara ya juu inabeba herufi 20 hivi, pamoja na nafasi kati ya maneno. Jina likizidi hapo, punguza jina, usipunguze herufi.

Linalowashangaza wengi ni duara kutoka kama yai. Kila mshono huvuta kitambaa kuelekea upande uliolala, hivyo umbo hupungua upande huo na pengo hubaki kati ya rangi na mstari wake wa nje. Dawa yake: weka kitambaa kigumu chini, kaza vizuri kwenye fremu ya mashine, tanguliza mishono michache ya msingi, acha rangi ziingiliane kwa nusu milimita au zaidi, na anza katikati ukielekea nje. Mishono mirefu inayong'aa isizidi milimita 7. Ikizidi hunaswa na zipu na mikanda ya rubani, na beji huota manyoya. Pindo nene la mashine linataka milimita 3 tupu kuzunguka beji na halipendi kona kali. Ngao yenye ncha itafumuka kwenye ncha kwanza, kwa hiyo izungushe kidogo.

Vikosi vingi vya leo hupotea kwenye kompyuta. Mchoro ukijaza skrini nzima kila kitu kinaonekana kina nafasi, na hapo ndipo wanapoongeza ndege, mlima, umeme, bendera na nyota saba. Uchapishe kwanza kwa ukubwa wa sentimita 9, bila rangi, na uufanyie ule mtihani wa hatua nne. Ukifaulu, dai sampuli iliyoshonwa kwa uzi na kitambaa chenyewe kabla ya kulipia beji 200. Picha ya kompyuta haivuti kitambaa.