Picha imekosea, msichana amekosa nini?

Agosti 2025, ASA, mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza, ilipiga marufuku picha mbili za kampuni ya nguo ya Zara. Katika moja, nywele za mwanamitindo zilikuwa zimebanwa nyuma, uso ukaonekana umekonda, na kivuli kikafanya miguu ionekane myembamba. Katika nyingine shati lilikuwa wazi kifuani, na macho ya mtazamaji yakaenda moja kwa moja kwenye mtulinga uliotokeza. Zara ilijitetea kwamba wasichana wote wawili walikuwa na vyeti vya afya. ASA haikusema ni wagonjwa. Ilisema picha zimewaonyesha wembamba kupita kiasi, basi.

Mtandaoni tofauti hiyo haidumu hata saa moja. Habari za mwanga na pozi zinasahaulika, anabaki mtu: huyu anajinyima chakula, wakala wake anawashindisha wasichana njaa, mpiga picha naye ana mambo yake. Akitokea mnene kwenye tangazo, upande wa pili unaamka na kusema anatangaza maradhi. Wanaosema hivyo hawajawahi kumpima huyo dada hata joto, lakini majibu ya maabara wanayo.

Hata hivyo siwezi kujiunga na wanaosema povu la mtandaoni ni kelele tupu. Novemba 2018 Ed Razek, aliyekuwa afisa mkuu wa masoko wa kampuni iliyomiliki Victoria's Secret, wauzaji wa nguo za ndani za kike, aliliambia jarida la Vogue kwamba onyesho lao si mahali pa wanawake waliobadili jinsia, na kwamba kipindi cha televisheni cha wanene walishakijaribu, watu hawakuvutiwa. Watu wakamwaga povu kweli kweli. Razek aliomba radhi kuhusu hilo la kwanza, akaondoka mwaka uliofuata, na mwaka huohuo onyesho likafutwa. Liliporudi Oktoba 2024, Ashley Graham, mwanamitindo mnene, alikuwa miongoni mwa waliopita jukwaani. Ni kweli biashara yao ilikuwa inayumba tayari, kwa hiyo tusiwape wakosoaji sifa zote. Lakini miaka yote ambayo wateja walinung'unika kwenye chumba cha kujaribia nguo haikufanya lolote.

Angalia pia walichokuwa wanakipinga. Ni maneno ya mtu, kayatamka mwenyewe, yamechapishwa. Hakuna aliyelazimika kubahatisha kilichomo moyoni mwake wala mwilini mwake.

Mambo hubadilika pale tuhuma inapohusu kilichotokea chumba kikiwa kimefungwa. Januari 2018 gazeti la The New York Times lilichapisha simulizi za wanamitindo na wasaidizi wa kiume waliowatuhumu wapiga picha wawili mashuhuri kuwanyanyasa kingono. Wote wawili walikanusha. Condé Nast, wachapishaji wa Vogue, wakasitisha kufanya nao kazi kabla mahakama haijasema neno. Je, walionewa? Anayesema ndiyo anakumbusha kwamba jina la mtu likichafuka halifuliki. Anayesema hapana anauliza kijana wa miaka kumi na tisa, anayelipwa kwa siku na asiye na uhakika wa kuitwa tena, alitakiwa apeleke malalamiko yake wapi. Hapo mimi naegemea kwa kijana, na sababu yangu ni moja: waandishi waliongea na watu wengi waliosimulia mambo yanayofanana, na watuhumiwa walipewa nafasi ya kujibu. Gazeti lilikuwa limeweka rehani jina lake.

Posti ya usiku wa manane haiweki rehani chochote. Tuna msemo wetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na sidhani kuna msemo uliosaidia zaidi kuwamaliza watu wasio na hatia. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2018 ulifuatilia habari zilizozagaa Twitter tangu 2006 hadi 2017, ukakuta za uongo zina uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya kuliko za kweli. Kwenye mtandao ule, angalau, lisilokuwepo ndilo lililokuwa likikimbia. Wenye fedha nao wanalijua hili, ndiyo maana neno "kashfa", yaani kumchafulia mtu jina, limekuwa rungu la mawakili wa kuwanyamazisha hata wenye ushahidi. Hapo sina jibu jepesi.

Ninachokiona wazi ni kwamba hasira hii yote haijafika inapokatwa nguo. Vogue Business, chombo cha habari za biashara ya mitindo, ilihesabu mavazi ya maonyesho ya msimu wa kupukutika majani na baridi wa 2025, New York, London, Milan na Paris: asilimia 97.7 yalivaliwa na watu wa saizi 0 hadi 4 za Marekani, yaani wembamba, na asilimia 0.3 tu na wa saizi 14 kwenda juu, yaani wanene. Sababu imekaa mezani pa fundi. Nguo ya sampuli hushonwa moja, kwa vipimo vimoja, kisha anatafutwa msichana wa kuienea. Kuifanya kubwa si kuongeza sentimita pembeni: kwapa linashuka, mikunjo ya kifuani inahama, kiuno kinakaa mahali pengine, na kila badiliko ni karatasi mpya ya kukatia, kitambaa kingine na siku nyingine ya kupima. Anayeamua kutoingia gharama hiyo hatajwi popote, na wala hana picha ya kutukanwa. Kwa hiyo povu linamwangukia yule aliyeko kwenye tangazo, na mwanamitindo mnene akiitwa dakika za mwisho anavalishwa ileile sampuli, zipu ya mgongoni inaachwa wazi, nguo inashikizwa kwa pini, na mpiga picha anamwomba asigeuke.