Posa ya Nguva

Barua ya posa nilikabidhiwa imefungwa, na mshenga mwenye adabu hafungui barua za watu. Siku ile adabu iliniponza.

Tulipofika Kilwa Kivinje tulikaribishwa vizuri, kahawa na halua. Babu wa binti, mvuvi wa jarife tangu ujana wake, akataka barua isomwe kwa sauti, wote wasikie. Nikasoma. Salamu, sawa. Ukoo, sawa. Nikaingia kwenye sifa: "Tangu nimwone binti yenu, nguva wangu, usingizi sina."

Mzee akaweka kikombe chini. "Hebu rudia hapo."

Nikarudia, safari hii kwa kunong'ona.

Mposaji kazaliwa Dodoma. Nguva anayemjua ni yule wa kwenye michoro: juu mwanamke, chini samaki, nywele hadi kiunoni. Mzee, yeye, nguva kawanasua nyavuni kwa mikono yake. "Mita 3," akasema, huku akiupima ukumbi kwa macho. "Kilo 400. Mdomo mpana umejaa masharubu, na kazi yake ni kula majani huko chini ya bahari. Ndiye mjukuu wangu huyo?"

Mshenga mwerevu hapo angeomba maji ya kunywa. Mimi nikajitia usomi. Nikasema, babu, jambo hili liliwapata hata mabaharia wakubwa: Christopher Columbus mwenyewe, Januari 1493, aliandika kuwa kaona wanawake-samaki watatu karibu na kisiwa cha Hispaniola, huko Karibi, na inaaminika walikuwa hawahawa jamaa za nguva.

"Akawasifuje?" akauliza shangazi wa binti.

Kuna maswali mtu hafai kuyajibu. "Alisema... si wazuri kama wanavyochorwa."

Nyuma ya pazia wanawake wakacheka, nami nikadhani nimepona. Nikaendelea: nguva hunyonyesha, chuchu zake ziko kwapani, na ndugu yake wa nchi kavu ni tembo.

"Tembo!" mama wa binti akadakia. Mjomba wa mposaji akanikanyaga mguu, na hakuutoa.

Ndipo binti mwenyewe akapaza sauti toka ndani: "Babu, kabla sheria haijakataza, nguva mlimuuza kwa kipande au kwa kilo?"

"Kwa kilo, mjukuu wangu." Mzee akamgeukia mjomba. "Bwana, mahari mlisema kiasi gani?"

Mjomba akataja.

"Haya, hiyo ya kilo ya kwanza. Endelea."